Siku Nne Zizae Kumi na Moja

Jumatatu, 6 Oktoba

Leo nimegundua jambo kubwa. Naandika kwa kalamu nyekundu ya binti yangu maana jambo lenyewe halifai rangi ya kawaida.

Nilikuwa nimesimama mbele ya kalenda ya jikoni, ile yenye picha ya kasuku, kikombe cha chai mkononi. Nimebakiwa na siku nne za likizo. Nne tu! Nyingine nilizimaliza mwezi wa nne nikimsubiri nyumbani fundi bomba. Alikuja siku niliyorudi kazini.

Mke wangu ni muuguzi wa wodi ya watoto. Likizo yake iligongwa muhuri tangu Machi: inaanza Jumamosi, tarehe 18. Tunakwenda ziwani kwa kaka yake. Ahadi hii ina miaka mitatu. Mwaka juzi safari ilivunjika kwa sababu ya siku moja niliyoihesabu mara mbili. Mwaka jana nilikosea mwezi. Binti yetu, ambaye sote tunamwita Kidoti, ana miaka tisa na hajawahi kuona maji yasiyo na ng'ambo.

Mke wangu anasema hesabu ni nyepesi. Alhamisi tarehe 23 ni sikukuu ya nchi nzima. Niombe siku zangu nne, Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Ijumaa. Nikijumlisha na wikiendi za mwanzo na mwisho, ni siku tisa. Niombe kesho asubuhi, basi.

Tisa! Watu wa kawaida ndio wanaoridhika na tisa.

Maana tazama. Mji wetu umekatwa na mto. Upande huu wa daraja ni mkoa wetu, upande ule ni mkoa wa jirani, na kila mkoa una sikukuu yake. Ya kwao ni Jumatatu tarehe 20. Ya kwetu ni Jumanne tarehe 28. Na kampuni yetu ya vigae na masinki ina tawi kila upande! Sasa mtu akiwa wa upande ule tarehe 20, halafu akawa wa upande huu tarehe 28, anazipata zote mbili, na ile ya taifa juu yake. Siku zake nne anazichomeka katikati. Nimehesabu kwa vidole, kwa kikokotoo, kwa punje za maharage mezani. Kumi na moja! Tangu Jumamosi hadi Jumanne ya wiki ya pili.

Mke wangu aliuliza maharage yanafanya nini mezani. Nimesema nayachambua. Nitamshtukiza baadaye.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimepita kwa afisa utumishi, tunayemwita Mama Mihuri. Nimemuuliza, kama mtu anayepitisha muda tu, mfanyakazi hupumzika sikukuu ya mkoa upi: anakolala au anakofanya kazi. Alinitazama juu ya miwani. Akasema sikukuu hufuata kituo cha kazi, hata kama mtu analala mwezini. Akauliza naulizia nini. Nimesema natafuta elimu.

Elimu! Nilicheka njia nzima hadi ghalani.

Huko nimemkuta Mapema. Ni karani mwenzangu, na jina tumempa kwa sababu anajaza fomu ya likizo Januari na kununua mwavuli wakati wa kiangazi. Safari hii alikuwa bado ana siku za ziada. Kaniambia wiki ya tarehe 20 anaitaka, ila ghala haliruhusiwi kubaki bila karani, na kwa kuwa mimi nina mtoto, nikiihitaji ataniachia. Aliongea vizuri, lazima niseme.

Nimemwambia achukue tu. Nilisema kwa upole, kama mtu anayegawa nguo zilizombana. Alishangaa. Alijaza fomu palepale, kabla hata sijavuta kiti.

Maskini ya Mungu. Siku tisa!

Jumatano, 8 Oktoba

Nimekwenda kwa Meneja kujitolea. Nimesema nimesikia tawi la ng'ambo ya mto linahitaji mtu wa kusaidia hesabu ya mwaka ya ghala, na mimi niko tayari, kwa moyo mmoja, kwa faida ya kampuni.

Meneja aliinuka kitini. Kanipa mkono, akaushikilia. Amesema anatafuta mtu tangu Agosti na wote aliowaomba wamekataa, hata mlinzi. Ghala letu, wiki Mapema atakapokuwa likizo, atalishika yeye mwenyewe. Sikuuliza kwa nini walikataa. Watu hawana upeo.

Barua imetoka saa nane. Naazimwa tawi la ng'ambo kuanzia Jumatatu tarehe 13 "hadi kazi itakapokamilika". Sentensi nzuri sana. Kuhesabu masinki kunachukua muda gani? Nani asiyejua kuhesabu?

Jumapili, 12 Oktoba

Shemeji kapiga simu kutoka ziwani. Ni fundi wa pampu za maji na anapenda utani kuliko chakula. Ameuliza mwaka huu akifagie chumba cha wageni au awaachie mijusi, maana wameshazoea na kuna mmoja ana familia. Nimemwambia afagie, tena apige na deki. Nilimsikia akimwambia mtu pembeni kwamba shemeji yake anasema anakuja. Kicheko kirefu.

Mke wangu alikuwa akipasi. Ameuliza kama likizo imepatikana. Nimesema mambo yote yamepangika.

Akaweka pasi wima. "Umeomba, Baba Kidoti, au umepanga?"

Nimemwambia ni kitu kilekile. Alirudi kwenye kola ya sare yake akaipiga pasi muda mrefu kuliko kola inavyohitaji.

Jumatatu, 13 Oktoba

Siku ya kwanza ng'ambo. Nimevuka daraja kwa miguu, kifua mbele.

Mtunza ghala wao ni mama wa makamo anayekaribia kustaafu, anaitwa Bi Kimya. Jina si la utani, ni taarifa. Amevaa kilemba na penseli amechomeka humo. Nimemsalimu shikamoo, kaitikia kwa nyusi. Nimepewa meza inayotazama safu ya masinki meupe hadi darini. Nimemuuliza tunaanza lini kuhesabu. Ameinua kidole kimoja, maana yake ngoja.

Nimempelekea mkuu wa tawi fomu yangu. Jumanne 21, Jumatano 22, Ijumaa 24, Jumatatu 27. Mwandiko wangu leo ulikuwa mzuri ajabu. Ameiweka chini ya glasi ya maji akasema ataitazama.

Alhamisi, 16 Oktoba

Fomu imerudi na alama ya duara ya glasi, haina sahihi. Mkuu wa tawi anasema yeye hawezi kumpa likizo mtu wa kuazima, aombe kwao.

Saa ya chakula nikavuka daraja mbio. Mama Mihuri alisoma fomu mara mbili. Kasema hawezi kumpa likizo mtu ambaye hayupo. Nimesema nipo, si huyu hapa mbele yake. Akasema kwenye karatasi sipo, na karatasi ndiyo anayoiangalia yeye. Kule mimi si wa kwao, hapa si wa kwetu.

Kwa hiyo mimi si wa mtu yeyote! Nimerudi polepole. Katikati ya daraja nimesimama kidogo, nikaona pale ndipo kwetu.

Lakini bado nina tarehe 20. Jumatatu ni sikukuu yao na mimi ni wa kituo chao. Hilo hakuna wa kuninyang'anya. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu ziwani, Jumatatu jioni narudi. Siku tatu si haba.

Ijumaa, 17 Oktoba

Leo Bi Kimya amesema. Maneno ya kwanza tangu nifike. Nilikuwa nafunga begi, nikamtakia sikukuu njema.

"Tunahesabu Jumatatu," akasema.

Nikamkumbusha Jumatatu ni sikukuu na duka limefungwa.

"Ndiyo maana. Duka likiwa wazi unahesabu kuku wanaokimbia."

Kumbe! Ndiyo sababu hata mlinzi alikataa. Kila mtu kwenye kampuni alijua isipokuwa mimi. Nimekaa juu ya boksi. Nimemuuliza kama hakuna njia nyingine. Amechomoa penseli, akaitazama, akairudisha.

Nyumbani mabegi mawili yalikuwa sebuleni yamefungwa, la tatu liko wazi, linangoja nguo zangu. Nilieleza kila kitu. Daraja, mikoa miwili, zile kumi na moja. Hata maharage. Mke wangu hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. Alisema wao wanaondoka kesho kama ilivyopangwa, kwa sababu mtoto ameshawaaga wenzake darasani mwaka wa tatu mfululizo, na miaka miwili amerudi kuwaeleza kwa nini hakwenda.

Kidoti alikuwa amekaa juu ya begi moja ili zipu isifunguke. Akaniuliza bila hasira, kama daktari.

"Baba, mwaka huu umekosea nini?"

"Mkoa," nikasema.

Alifikiri kidogo. Akasema basi nimeendelea, maana mwaka jana nilikosea mwezi mzima.

Begi la tatu nimelirudisha juu ya kabati mwenyewe.

Jumamosi, 18 Oktoba

Wameondoka na basi la saa moja; mimi nimebaki, kesho alfajiri natakiwa ghalani kupanga maboksi ya kuhesabiwa. Kidoti alinipungia kwa mikono yote miwili mpaka basi likakata kona. Mimi niliendelea kupunga hata baada ya kona, mpaka mwuza magazeti akanipungia.

Nyumba ni kubwa kumbe. Nimekunywa chai na mkate, mchana nikala mkate na chai.

Kwenye kalenda nimeona Alhamisi tarehe 23 imezungushiwa duara la wino wa bluu. Mwandiko wa mke wangu. Ameandika pembeni: "Hii ni yako, haihitaji fomu." Kweli! Sikukuu ya taifa! Katika kuhangaikia za mikoa nilikuwa nimeisahau ya nchi. Basi la alfajiri, masaa mawili, niko ziwani. Siku moja. Itabidi itoshe.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimefanya kazi siku ya sikukuu ya mkoa ambao si wangu, ili nipate mapumziko ya mkoa ambao si wangu. Nimeiandika sentensi hii mara mbili na bado sielewi nilifikaje hapa.

Nje watu walikuwa wanapita na nguo safi, vipaza sauti vikiimba kila pembe. Ndani tulikuwa watatu: mkuu wa tawi na daftari, Bi Kimya na penseli, mimi na ngazi. Kuhesabu, kusema, kuandika. Saa sita hivi nikaona mkuu wa tawi anazidi kununa. Masinki hayatoshi. Daftari linasema yawepo mengi zaidi. Upungufu thelathini na sita.

Alimtazama Bi Kimya. Bi Kimya alitazama sakafu. Ndipo nikaelezwa: upungufu huu ulionekana hata mwaka jana, makao makuu wamemwandikia barua mbili wakitaka maelezo, na Januari mama huyu anastaafu. Miaka thelathini na moja ghalani. Anaondoka na jina la mtu aliyepoteza masinki.

Nikapanda ngazi nihesabu tena. Safu ya juu kabisa kulikuwa na maboksi marefu membamba. Nikaulizia ni nini. Bi Kimya akasema ni miguu, ile nguzo ya kusimamishia sinki la aina ile kubwa. Sinki lina boksi lake, mguu una boksi lake. Nikaihesabu. Thelathini na sita.

Nilishuka nusu nikaanguka nusu. Maana kosa hili nalijua! Ni kosa langu kabisa, nimeishi nalo, ndilo lililoninyima ziwa mwaka juzi. Kitu kimoja kuhesabiwa mara mbili! Aliyepokea mzigo aliandika kila boksi sinki moja. Hakuna kilichopotea, hakikuwepo tangu mwanzo. Mkuu wa tawi alifungua karatasi za mapokezi, akasoma, akasoma tena, akavua miwani. Mapokezi alikuwa ameyaandika yeye mwenyewe, wiki ambayo Bi Kimya alikuwa anaumwa.

Hapakuwa na makelele. Mkuu wa tawi alimwomba radhi mama yule, amesimama wima kama mwanafunzi. Bi Kimya alikaa juu ya boksi. Alifunika uso kwa kiganja, mabega yakatikisika kidogo tu. Halafu alifungua kitambaa chake cha chakula akakata mkate katikati, nusu kubwa akanipa mimi.

Jumanne, 21 Oktoba

Bi Kimya amezungumza tena! Asubuhi amekwenda moja kwa moja mezani kwa mkuu wa tawi, mimi nikiwa nyuma yake. Amesema anayefanya kazi sikukuu anastahili siku ya fidia. Yeye hajawahi kudai hata moja. Leo anadai mbili, yake na ya huyu.

"Mpe Ijumaa," akasema. "Ana mtoto ziwani."

Kumbe nilikuwa nimemsimulia. Nilidhani hasikilizi.

Mkuu wa tawi kachukua kalamu. Hakuuliza mkoa, hakuuliza mimi ni wa nani. Sekunde tano! Alhamisi sikukuu, Ijumaa fidia, Jumamosi, Jumapili. Siku nne, na likizo yangu haijaguswa!

Hapo nikapata wazo. Nimemwambia ngoja kidogo, kama fidia ingehamishwa Jumatano, na Ijumaa nikaombewa kutoka upande wetu, halafu Jumatatu... Bi Kimya aliichomoa fomu mkononi mwangu, akaikunja, akaichomeka kwenye kilemba pamoja na penseli. Amesema nitaipata kesho jioni nikiwa natoka.

Alhamisi, 23 Oktoba

Ziwani!

Sikuwaambia ni siku nne. Walinitarajia kwa siku moja. Shemeji alinipokea kituoni akasema mjusi mwenye familia amehama kwa hiari aliposikia nakuja. Mke wangu alikuwa ufukweni, miguu majini, kitambaa cha kichwa kimelegea. Sijamwona amekaa hivyo, bila kutazama saa, kwa muda mrefu sana. Nikamwonyesha fomu. Aliisoma mpaka kwenye sahihi, akaitazama tena sahihi, akaangua kicheko na kunirushia maji.

Kidoti alinishika mkono akanitembeza, kwa sababu yeye sasa ni mwenyeji. Hapa pana mawe, vua viatu. Pale pana kina, usiende. Kisha akaniambia nitazame mbele.

"Umeona? Hakuna ng'ambo."

Nimetazama. Kweli hakuna. Nimesimama pale hadi kaptura ikalowa.

Ijumaa, 24 Oktoba

Hakuna cha kuandika. Tumekula samaki, tumelala mchana, tumekula samaki.

Jumapili, 26 Oktoba

Tumerudi. Kidoti ana mchanga masikioni na hataki uoshwe mpaka wenzake waone.

Kwenye basi mke wangu aliegemea bega langu. Amesema, kwa sauti ya mtu asiyetaka ugomvi, kwamba nimejionea mwenyewe: mama wa watu aliomba kitu, akapewa. Sekunde tano. Nimekubali kabisa. Nimekubali kwa moyo wote. Nimemwambia mwaka ujao naomba tu. Kwa mdomo wangu!

Ameniambia tena kwamba hizi zimekuwa siku nne nzuri kuliko zote alizowahi kupata. Hiyo naiandika hapa ili ibaki.

Jumanne, 28 Oktoba

Leo ni sikukuu ya mkoa wetu. Mtaa mzima umelala. Isipokuwa mimi, maana kazi haijakamilika: baada ya masinki kuna vigae, na barua yangu inasema hadi itakapokamilika. Mimi bado ni wa ng'ambo. Nimevuka daraja peke yangu na begi la kazi. Mapema alikuwa barazani kwake, kikombe mkononi. Alinisalimu, akaniambia pole. Sikuipokea.

Ila Mungu hamtupi mja wake. Mchana limekuja lori la vigae kutoka tawi la tatu, lile la mkoa wa milimani. Dereva, mtu mwenye maarifa sana, alikuwa analalamika kwamba Desemba kwao ni uvivu mtupu: Alhamisi tarehe 11 na Ijumaa tarehe 12, sikukuu mbili mfululizo, mkoa wao peke yake! Kila kitu kimefungwa!

Nilimwomba arudie tarehe.

Na mimi nina siku nne nzima, hazijaguswa. Tatu naziweka mbele, moja nyuma. Nimeandika kwenye kifuniko cha boksi. Nimemwonyesha Bi Kimya. Ametazama lile boksi, akanitazama mimi, akaondoka kwenda kukaa upande mwingine wa ghala.

Nimempigia Meneja simu nyumbani kwake. Nimesema nasikia tawi la milimani linaweza kuhitaji mtu, na mimi nikimaliza vigae niko tayari, kwa moyo mmoja. Alisema kwa sauti ya mtu aliyeguswa kwamba hajapata kuona mfanyakazi kama mimi. Akasema watafurahi sana, wamehangaika kutafuta mtu, kuna sakafu nzima inayotakiwa kubanduliwa na haiwezekani duka likiwa wazi, kwa hiyo zile siku mbili ndizo hasa wanazo... Sehemu ya mwisho sikuifuata vizuri. Nilikuwa nahesabu.

Kumi kamili! Tangu Jumamosi hadi Jumatatu ya wiki ya pili!